Mkunga Aliyenifundisha Kuanzia Pabaya

Mtu aliyenifundisha piano aliamini kwamba wengi wetu hatufanyi mazoezi, tunajisikiliza tu. Alimwambia hivyo kila mwanafunzi mpya kabla hata ya kumkaribisha kiti. Alimwambia pia padri mmoja kijana aliyekuja ajifunze kusindikiza zaburi. "Mon père, pale uko unajisikiliza. Mazoezi bado haijaanza." Padri alicheka akidhani ni mzaha. Wiki iliyofuata hakurudi.

Kazi yake haikuwa muziki. Alikuwa mkunga. Mangobo nzima, mtaa wetu wa Kisangani, ilimwita Mama Muzalisha, nami hapa nitamwita Mkunga, kwa kuwa jina lake la ubatizo alilichukia na hakutaka litajwe hata kanisani. Nusu ya watu wa mtaa wetu walipita mikononi mwake wakiwa uchi na wakilia, na hilo lilimpa mamlaka ambayo hata mkuu wa mtaa hakuwa nayo. Akipita bwana mwenye kitambi na viatu vya kung'aa, akijitanua barabarani, yeye alimwambia tu, "Weye, nilikuonaka muzuri," na bwana yule alipunguza mwendo na kumsalimia kwa adabu.

Piano ilikaa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na kitanda kirefu alichopimia wajawazito. Ilifikaje Mangobo, hilo lilitegemea siku uliyouliza. Mara aliachiwa na familia ya wafanyabiashara Wagiriki waliporudi kwao. Mara masista walimpa kwa sababu walichoka kumsikia akija kuipiga kwao. Mara ilivuka mto kutoka ng'ambo juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na mawimbi yakaipiga njia nzima. Nilimwuliza mume wake ipi ni ya kweli. Alikuwa fundi wa mashine za meli, amestaafu, mtu wa maneno machache.

"Miye niliona tu imefika," alisema.

Sikio lake la kushoto liliharibiwa na kelele za injini, na kiti chake pale sebuleni kilitegwa hivi kwamba sikio hilo ndilo lililotazama piano. Ndoa yao ilikuwa na amani kubwa.

Unyevu wa Kisangani hauihurumii mbao, kwa hiyo Mkunga aliweka vifuko vya makaa ndani ya piano ili yavute maji. Yalisaidia kidogo. Fa ya katikati ilikuwa imekufa kabla sijafika mimi, na sheria ya nyumba ilikuwa kwamba ukiifikia fa unaiimba kwa mdomo. Mpaka leo nikipiga piano ya watu, kwenye fa midomo yangu hufunguka yenyewe. Walio karibu hudhani nasali.

Mimi nilipelekwa kwake na kwaya. Parokia yetu ilikuwa imezawadiwa piano ya umeme, na Mkunga peke yake ndiye aliyeweza kuipiga. Shida ni kwamba tumbo la mama mjamzito halifuati liturujia. Mara nyingi aliitwa katikati ya misa, akaondoka, na waumini wakamalizia Utukufu wakiwa kama watu waliopokonywa ngazi. Maestro wa kwaya, mkuu wa shule ya msingi aliyevaa tai hata Jumamosi, alitaka mtu wa pili. Nilichaguliwa kwa sababu nilijua kusoma noti kidogo, na kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wa uchumi chuo kikuu. Maestro aliamini wasomi hawachelewi.

Nilienda siku ya kwanza na ratiba. Niliitengeneza kwa rula, kwa rangi, kama tulivyofundishwa kupanga mradi: skeli asubuhi, mazoezi ya vidole, halafu nyimbo kwa zamu, halafu marudio, halafu tathmini ya wiki. Mkunga alivaa miwani akaisoma yote, taratibu, mpaka chini.

"Ni nani alifanya hii?"

"Ni miye, Mama."

"Iko muzuri sana. Na mutu mwenyewe iko wapi?"

"Mutu gani, Mama?"

"Ule mwenye ataifuata."

Halafu aliikunja akapepea nayo jiko la makaa, kwa kuwa maji ya chai yalikuwa hayajachemka. Moto ulipozidi kukataa, aliiingiza ratiba yenyewe. Maji yalichemka. Alinipa chai, akasema kwa mara ya kwanza projet ya université imesaidia mutu.

Siku hiyo hiyo aliniuliza wimbo gani unanishinda. Nikamwonyesha. Nikaanza kuupiga tangu mwanzo, kama kila mtu anavyofanya. Sikufika mbali, akashusha kiganja chake kizito juu ya mikono yangu.

"Simama. Hapa unajua. Juu ya nini unarudia kusalimia mutu mwenye mumeagana naye sasa hivi? Pabaya ni wapi?"

"Kule mbele, Mama, mikono ikipishana."

"Bon. Basi tunaishi kule."

Na kweli tuliishi kule. Alisema watu huosha mwanzo wa wimbo kila siku kama wanavyoosha uso, na miguu inanuka. Alinipa vipande viwili vifupi vya wimbo huo, si zaidi, mkono mmoja kwanza, pole pole mpaka, kwa maneno yake, kosa lenyewe lichoke kungoja. Kipande kikikubali, tulikishona na kile kilichokitangulia, halafu na kile kilichofuata. Halafu aliniondoa kwenye kiti nikachambue pondu, majani ya muhogo ya kupika, nirudi baadaye nione kama vidole bado vinakumbuka. Vikikumbuka, kazi imeisha. Visipokumbuka, hakukasirika. Alisema kipande bado kiko tumboni.

Nilichelewa kuelewa kwamba hii haikuwa jeuri tupu. Mkunga hakuwahi katika maisha yake kuwa na saa nzima iliyo yake. Alifanya mazoezi maji yakichemka. Alifanya mazoezi wakati mwanamke mwenye uchungu akizunguka uani akishika kiuno, na uchungu ukirudi aliacha noti hewani akatoka. Kwa hiyo alipanga kila kitu kwa namna kwamba ukikatizwa, tayari umepata kitu. Pabaya kwanza, kwa sababu hujui kama utapata pa pili. "Zoeza kama mutu iko karibu kubisha," alituambia. Na kabla hujaondoka, piga kitu kimoja kitamu unachokijua, ili kesho usiogope kurudi. "Mutu haachake mutoto analia mu kitanda anaenda soko."

Kuhusu mkono wa kushoto alikuwa na nadharia kamili. "Mukono ya kushoto iko sawa bwana ya mama mwenye mimba. Inasimama pale, haijui kitu, lakini ukiifukuza inakasirika na inaharibu yote. Uipatie kazi yake peke yake, ndogo, na uisifu." Wanawake wajawazito waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walicheka mpaka wengine wakashika matumbo, naye aliwaonya wasije wakazaa bila ruhusa.

Benchi hilo lilikuwa baraza la mahakama. Sisi wanafunzi wa piano na wanawake wa kliniki tulikaa pamoja, tukingoja zamu, na baada ya miezi kadhaa wale wanawake walijua mabaya yetu yote. Siku moja nilikutana na mmoja wao sokoni, mtoto wake tayari mgongoni, akinunua samaki. Aliniuliza habari za nyumbani, halafu akaniuliza kwa huruma, "Dada, na ile pahali mikono inapitana, ilikubali?"

Alihubiri upole na hakuwa nao. Akifundisha, kila kitu kilikuwa pole pole. Akipiga mwenyewe, alikimbia kama mtu aliyeanika nguo na mvua inakuja. Alitukataza kugusa piano tukiwa tumechoka, na mimi mwenyewe nilimkuta zaidi ya mara moja amelala, paji la uso juu ya funguo, na sauti mbaya imetanda chumbani. Mume wake alikuwa akisoma gazeti la zamani kando yake.

"Iko anazoeza," alinielezea.

Alifunga Kwaresima kwa ukali wa kutisha, bila nyama, bila sukari, bila hata bia yake ya Jumapili, lakini Ijumaa Kuu mchana alifungua madirisha akapiga rumba. Mwalimu wa katekisimu alikuja kumlalamikia. Mkunga alimwambia Yezu naye alienda ku ndoa na alitoa vino, na kama hakuna aliyecheza siku ile, basi vino ilikuwa ya bure. Aliiba kwenye karata. Alidanganya umri wake kwa kuupunguza mbele ya masista na kuuongeza mbele ya askari. Sisi alitutukana kwa lugha tatu, lakini mwanamke mwenye uchungu hakuwahi kumpandishia sauti. Wanaume waliowaleta wake zao wakiwa wamelewa ndio waliopata mabaki yote.

Sifa hakuzitoa. Nilipofanikiwa kupita mara ya kwanza pale mikono inapopishana, nilimgeukia kama mtoto anayengoja peremende. Alikuwa akikata kucha.

"Nilisikia," alisema. "Rudia, tuone kama ilikuwa ajali."

Kisha ikaja jubilei ya parokia. Askofu angekuja. Maestro alitunga wimbo wa matoleo kwa ajili ya siku hiyo, na mbele yake akaweka utangulizi mrefu wa piano ambao aliupenda kuliko watoto wake. Mkunga ndiye angeupiga. Mimi ningemgeuzia kurasa. Lakini katikati ya utangulizi ule palikuwa na pabaya pakubwa kuliko pote nilipowahi kupaona, na Mkunga hakuweza kuona pabaya bila kumtupia mtu. Kwa hiyo alinipa niishi pale. Kwa majuma mengi nilirudia sehemu ile na mwisho wake, basi. Mwanzo sikuwahi kuugusa.

Siku ya siku kanisa lilijaa mpaka nje. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya sakristia, kwaya imevaa vitambaa vipya, Maestro ana tai mpya. Wakati wa mahubiri simu ilitetemeka kiunoni mwa Mkunga, ndani ya mkunjo wa kitenge. Aliinama akasikiliza. Nilimwona akibadilika sura. Hakuwa mtu wa kubadilika sura.

"Maji imepasuka, na kamba ya kitovu imetangulia," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kaa hapa."

"Mama, mwanzo siijui."

"Ni nani alikuomba mwanzo?"

Akavua viatu vyake vya misa, akavishika mkononi, akapita katikati ya soprano mpaka mlango wa pembeni. Nje nilisikia pikipiki ikiwaka.

Matoleo yakafika. Wanawake walikuwa tayari mlangoni na ndizi, kuku na magunia ya mchele kichwani, wakingoja muziki wacheze kuingia. Maestro alinitazama, akatazama kiti cha Mkunga, akafumba macho, akainua mkono. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu mikononi, nikakipiga. Nilianzia pabaya. Mikono ikapishana, ikapita, na mara tukawa mwisho wa utangulizi, wakati kwaya ilikuwa bado inakohoa na kufungua madaftari, kwa sababu walizoea kungoja muda mrefu. Alto peke yao waliingia. Tenor waliingia baadaye kidogo, kwa wasiwasi. Kufikia ubeti wa pili tulikuwa wote mahali pamoja, na wale wanawake walikuwa wanacheza mpaka kuku mmoja akajifungua kamba.

Baada ya misa askofu alimshika Maestro mkono. "Ule utangulizi ulikuwa muzuri sana," alisema. "Haukutuchelewesha." Maestro hakuniongelesha mpaka Pentekoste.

Nilipanda pikipiki kwenda kwa Mkunga. Njiani nilijipangia jinsi nitakavyomsimulia, wapi nitangoja acheke. Nilipofika, mume wake alikuwa sebuleni. Alikuwa amekigeuza kiti. Sikio lake zima ndilo lililotazama piano.

"Ngoja kwanza," aliniambia. "Mutoto hakubaki."

Mkunga alikuwa ameketi kwenye piano, bado na kitenge cha misa, kimelowa mpaka magotini na hajakifua. Alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto peke yake. Vipande vichache tu, pole pole kuliko alivyowahi kutudai sisi. Alifika mwisho, akangoja, akarudia. Sikujua ni wimbo gani. Labda haukuwa wimbo. Nilikaa kwenye benchi la wajawazito, na mimi na mzee tulisikiliza mpaka mchana ukageuka.

Mwishowe aliuliza bila kugeuka, "Na misa?"

"Ilienda, Mama."

"Mama ya mutoto iko muzima. Tulimufikisha hospitali mu gari ya jirani. Mukono yangu ilikuwa ndani njia yote, inashika kichwa isikanyage kamba. Kule madaktari walikimbia, hawakuchelewa. Lakini mutoto alikuwa amekwisha kwenda." Akautazama mkono wake wa kushoto kama kitu cha kuazima. "Nimepita mahali pote tena. Hapa, kiisha hapa, kiisha hapa. Nimetafuta kosa, sijaliona. Ningeliona, ningelizoeza."

Nilikuwa nimemjua kwa muda mrefu akiwa na jibu la kila kitu. Nilitamani anitukane. Badala yake aliinuka, akamwuliza mume wake kama amekula, naye akasema hapana, ingawa niliona sahani chafu karibu na mguu wake. Tulipika pondu. Hatukuongea juu ya askofu. Niliporudi Jumatano alikuwa anamfokea mtoto wa muuza mafuta kwa sababu alianza wimbo tangu mwanzo.

Baadaye nilimaliza masomo, nikapata kazi Makiso, katikati ya mji, katika ofisi ya kupokea mizigo karibu na bandari, nikaolewa, nikazaa. Nina kinanda kidogo cha umeme ambacho hupigika pale tu umeme unapokubali. Nafanya mazoezi wakati wali unaiva. Mume wangu, mtu wa Butembo mwenye kupenda mambo kamili, huniuliza kwa nini sipigi wimbo mzima hata siku moja, kama watu.

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya misa, nilienda Mangobo kumwona. Mzee wake ameshafariki. Mkunga hazalishi tena. Magoti yamekataa, na wasichana aliowafundisha ndio wanaofanya kazi, wakija jioni kumweleza, naye akiwakosoa kutoka kwenye kiti. Mikononi mwake vidole vimevimba kwenye viungo. Aliponiona alisema nimenenepa na kwamba ilikuwa lazima.

Nilikuwa nimejifunza kipande kimoja cha polepole, na nilitaka akisikie kwenye piano yake. Nilipovuta kiti alisema, "Apana. Iko na mutu ndani."

Ubao wa chini wa piano ulikuwa umeliwa na mchwa, wakauondoa. Niliinama. Humo ndani, juu ya vitambaa, kando ya vyuma vya pedali, kuku mwekundu alikuwa ameatamia, na alinitazama kwa jicho moja bila heshima yoyote.

"Mama, si tungemuhamisha kidogo?"

"Uliona wapi mama mwenye kuzaa anahamishwa sababu ya mugeni?" Alifikiri. "Cheza. Lakini kule juu tu, mwisho wa mukono ya kuume. Na polepole. Ukimushitua nitakufukuza."

Nikasogeza kiti mpaka ukingoni. Nikakipiga kipande changu chote kwenye funguo za juu kabisa, mikono miwili imebanana, kwa nguvu ya mtu anayegusa shavu la aliyelala. Sauti ilikuwa ndogo na kavu, kama matone ya kwanza juu ya bati. Kwa mara ya kwanza nilisikia mahali ambapo kipande kile kinapumua. Mkunga alikuwa amefumba macho. Nilipokaribia mwisho aliinua kidole kimoja kilichovimba.

"Simama."

Nikaacha kupiga. Ndani ya piano kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, iliyotoka chini.

"Angalia. Miye magoti haitaki."

Nilijilaza sakafuni na nguo yangu ya misa, nikawasha taa ya simu. Kuku alinidonoa mkono. Chini ya ubawa wake kifaranga kimoja kilikuwa kimeshatoka, kimelowa, kibaya kwa sura kama sisi wote. Kando yake yai lilikuwa na tundu, na tundu lilikuwa linasogea.

"Moja ametoka, Mama. Wa pili iko anakuya."

"Iko anatanguliza nini?"

"Mudomo."

"Bon." Akaegemea kiti chake, akafumba macho tena. "Endelea. Lakini usikanyage pedali."